Échecs: si alama mbaya ya bulletin tu, ni mchezo pia unaofundisha mtoto kufikiri

Neno "échec" halipendwi nyumbani. Mwisho wa mwaka wa masomo, mtoto anarudi na bulletin mkononi, na kabla ya kumuuliza kama amekula, mzazi anatafuta neno moja tu pale chini: réussite ao échec. Likiwa la pili, siku ile nyumba inanyamaza.

Lakini kuna échecs ingine, ile ya kuchezwa kwenye ubao wenye vyumba vyeusi na vyeupe. Kwa Kiswahili cha vitabu inaitwa sataranji. Échec ya bulletin na échecs ya ubao ni maneno ndugu. Mchezo ulianzia India, miaka zaidi ya 1400 iliyopita, ukapita kwa Waajemi, ukaenda kwa Waarabu, kiisha ukafika Ulaya. Waajemi waliita mfalme "shah", na Wafaransa wakatoa humo neno échec. Baadaye tu ndipo neno hilo likaanza kumaanisha kushindwa, hata kwenye mitihani.

Je, mchezo huu unaweza kumsaidia mtoto wa Goma, Bukavu, Uvira, Bunia ao Kalemie? Ndiyo, lakini si kwa njia ambayo wazazi wengi wanadhani.

Mchezo wenyewe ni nini

Ubao una vyumba 64, nane kwa nane. Wachezaji ni wawili, na kila mmoja ana vipande 16: mfalme mmoja, malkia mmoja, minara miwili, farasi wawili, pioni nane, na vingine viwili ambavyo Kifaransa kinaviita "fou", yaani mwendawazimu. Watoto wanachekaka sana kwa jina hilo.

Kila kipande kina mwendo wake. Mnara unaenda moja kwa moja. Fou anaenda kwa mshazari. Farasi peke yake ndiye anaruka juu ya wengine. Pioni anaenda mbele polepole na harudi nyuma, lakini akifika mwisho wa ubao anabadilishwa kuwa kipande kikubwa, mara nyingi malkia. Anayemfunga mfalme wa mwenzake mpaka akose njia ya kutoka, huyo ameshinda.

Hakuna karata ya kuficha wala dadu ya kurusha, kwa hiyo mtoto akishindwa hawezi kusema bahati ilikuwa mbaya. Kila kitu kilikuwa mezani, mbele ya macho ya wote wawili.

Mashariki mwa Congo si wageni wa michezo ya namna hii. Wamotari wanachezaka dame kwa vifuniko vya chupa wakingojea abiria. Wazee wanajua kisolo, ao igisoro kama wanavyosema upande wa Rwanda, ya mashimo na mbegu. Échecs ni ndugu wa michezo hiyo. Mtu aliyezoea kuhesabu mbegu za kisolo hatapotea.

Mtoto anapata nini

Faida ya kwanza ni kutulia. Mwanzo wa mchezo, mchezaji ana njia 20 za kuanza. Mwenzake naye ana njia 20 za kujibu. Wakicheza mara moja moja tu, tayari kuna hali 400 ambazo zinaweza kutokea. Mtoto anaona mwenyewe kwamba mkono ukitangulia akili, malkia anaenda bure. Taratibu anazoea kujiuliza: "Nikifanya hivi, yule atafanya nini?" Ulizo hilo linamfaa pia sokoni, barabarani, na siku rafiki anapomwita mahali pabaya.

Ya pili ni kujifunza kushindwa. Katika échecs hata bingwa anashindwa. Mtoto anapoteza, anampa mwenzake mkono, wanapanga vipande upya. Wakirudi nyuma pamoja na kutafuta pale kosa lilianzia, kushindwa kunakuwa somo. Hapo ndipo échec ya ubao inaweza kuponya hofu ya ile échec ya bulletin: mtoto anaelewa kwamba kukosa si kuwa mjinga, ni kuwa na kitu cha kutengeneza.

Ya tatu ni sheria moja kwa wote. Mtoto wa mkubwa na mtoto wa mkimbizi wanaanza na vipande 16 sawasawa. Nguvu za mwili hazisaidii. Msichana mdogo anaweza kumshinda kaka yake mkubwa, na kaka hana la kufanya paka kukubali. Katika eneo ambalo watoto wameona wenye nguvu wakichukua vya wengine, si jambo dogo kukaa saa nzima mahali ambapo sheria inaheshimiwa.

Ya ine, inayosahaulika mara nyingi: kila chumba cha ubao kina jina, herufi na namba, toka a1 mpaka h8. Mtoto anayeandika mchezo wake kwenye kaye anazoea kutafuta nukta kwa mistari miwili. Mwalimu wa hesabu atakapofika kwenye somo hilo, hatakuwa anamfundisha kitu kigeni kabisa.

Je, alama za masomo zitapanda?

Hapa inafaa kusema ukweli. Watu wengi wanatangaza kwamba échecs inamfanya mtoto awe wa kwanza kwa hesabu. Uingereza walijaribu kupima jambo hilo kwa uangalifu. Masomo 100 yalishiriki, watoto wa miaka 9 na 10. Nusu ya masomo ilipewa vipindi 30 vya échecs, nusu ingine iliendelea kama kawaida. Mwaka mmoja baada ya vipindi kuisha, watoto wote walifanya mtihani. Matokeo yalitoka 2016: hakukuwa tofauti, si kwa hesabu, si kwa kusoma.

Uchunguzi mwingine uliona faida kidogo kwa hesabu, lakini mara nyingi haukulinganisha watoto wa échecs na watoto waliopewa mchezo mwingine. Kwa hiyo haijulikani kama ni échecs iliyosaidia, ao ni furaha ya kupata kitu kipya na mtu mkubwa anayewajali.

Maana yake nini kwa mzazi? Échecs haichukui nafasi ya kaye, wala ya mwalimu anayelipwa vizuri, wala ya sahani ya chakula. Ukimfundisha mtoto ili aongeze alama 10, unaweza kusikitika. Ukimfundisha ili ajue kutulia, kufikiri mbele na kushindwa bila kulia ao kupigana, umeweka matumaini yako mahali pake.

Mifano ya karibu na ya mbali

Mfano unaojulikana zaidi uko jirani, Uganda. Katika mtaa wa maskini wa Katwe, Kampala, Robert Katende alianza 2004 kufundisha watoto échecs. Wengi walikuja kwanza juu ya kikombe cha uji. Mmoja wao alikuwa Phiona Mutesi, msichana aliyekuwa ameacha masomo kwa kukosa pesa, akiuza mahindi ili kusaidia nyumbani. Mwaka 2010 alicheza kwa jina la Uganda kwenye Olimpiadi ya échecs huko Urusi. Njia hiyo ilimrudisha masomoni, na baadaye akasoma chuo kikuu Marekani. Tuangalie vizuri lakini: kilichomwokoa si ubao peke yake. Kulikuwa uji, kulikuwa mwalimu asiyechoka, kulikuwa watu waliolipa masomo. Ubao ulikuwa mlango wa kuingilia.

Kenya, katika kambi la Kakuma ambako kuna wakimbizi wengi Wacongomani, shirikisho la échecs la dunia, FIDE, pamoja na HCR walianzisha 2021 mradi wa kufundisha mchezo huu, hasa kwa wasichana. Nako Armenia, inchi ndogo ya watu karibu milioni tatu, serikali iliingiza échecs tangu 2011 kama somo la lazima kwa watoto wa darasa la pili mpaka la ine.

Vifuniko 32 na karton moja

Mashariki mwa Congo, masomo yalifungwa 2020 juu ya Covid, yakasimama Goma mwaka 2021 juu ya Nyiragongo, na tena mwanzo wa 2025 juu ya vita. Kila mara watoto walibaki nyumbani bila kazi, na mtoto asiye na kazi anatafutwa haraka: na wezi, na michezo ya pesa, na hata wenye silaha. Ndiyo sababu mchezo unaoweza kubebwa ndani ya mfuko, usiohitaji umeme wala megabaiti, unastahili kufikiriwa.

Kununua ubao wa dukani si lazima. Chukua karton, kata kipande cha sentimeta 40 kwa 40. Gawa vyumba nane kwa nane, kila kimoja sentimeta 5. Paka kaa la makala kwenye kimoja, acha kinachofuata. Hakikisha kila mchezaji ana chumba cheupe kwenye pembe ya mkono wake wa kuume.

Kiisha kusanya vifuniko 32 vya chupa, 16 vya rangi moja na 16 vya rangi ingine. Ndani ya kila kifuniko bandika karatasi yenye herufi: R moja kwa roi, yaani mfalme, D moja kwa dame, yaani malkia, T mbili kwa tour, yaani mnara, F mbili kwa fou, C mbili kwa cavalier, yaani farasi, na P nane kwa pioni.

Usifundishe yote siku moja. Wiki ya kwanza, watoto wacheze na pioni peke yake: anayefikisha pioni wa kwanza ngambo ya pili ameshinda. Kiisha ongeza mfalme, minara, na wengine, mmoja mmoja. Mtoto wa miaka 6 ao 7 anaweza kuanza. Nusu saa inatosha. Mwalimu mwenye kalasi ya watoto 60 anaweza kuchora ubao mkubwa kwa chaki, agawe kalasi makundi mawili, na kila kundi lijadiliane kabla ya kucheza.

Mambo ya kuchunga

Pesa isiingie. Siku watoto wataanza kuwekeana hata franka 500, mchezo umeharibika, na wazazi wanaoogopa kwamba huu ni kamari watakuwa na haki.

Wasichana wasisahauliwe. Saa kumi ya mchana, wavulana wako huru, dada zao wako kwenye maji ao jikoni. Kundi linalocheza saa hiyo litakuwa la wavulana tu, hata kama hakuna aliyewafukuza wasichana. Afazali kucheza ndani ya saa za masomo, ao kugawa kazi za nyumba kwa wote.

Mchezo uwe na mwisho. "Mtoto anacheza tu, atasoma saa ngapi?" ni ulizo la haki. Kazi ya masomo kwanza, ubao baadaye.

Tena, huu ni mchezo unaofanana na vita. Mtoto aliyepoteza wake kwa risasi anaweza kufurahi ao kuumia kwa kuona vipande "vinakufa". Mwalimu aseme tu kipande "kimetoka", na amwangalie yule anayenyamaza sana. Échecs si dawa ya majeraha ya moyo. Mtoto kama huyo anahitaji mtu wa kumsikiliza.

Mzazi asiyejua mchezo asione haya. Aketi na mtoto wake, wajifunze pamoja. Wiki chache baadaye mtoto atamshinda, na siku ile mtoto atamtazama baba ao mama yake atafanya nini. Mzazi akitabasamu, akampa mkono na kusema "tupange tena", somo kubwa zaidi la mchezo huu litakuwa limekwisha kufundishwa.