Kuchagua Mashine ya Kukerezea ya Kiswisi

Ndugu askari, pini ya kufyatulia risasi ni nyembamba. Ikishikwa upande mmoja tu wakati wa kukerezwa, hujipinda iguswapo na kisu. Mafundi wa saa wa Uswisi waliikomesha taabu hiyo katika miaka ya 1870: ufito wa chuma hupita ndani ya bushi, nacho kisu hukata papo hapo mdomoni mwake.

Leo Tornos ya Uswisi na Citizen ya Japani huziuza. Kabla ya kuuliza bei, fundi na apime kazi yake. Kwa vipande vifupi, afadhali mashine ambayo bushi yake huondolewa, maana hubakiza chuma kidogo. Kwa virefu, bushi ni lazima. Nayo hudai fito zilizonyooka, zenye unene mmoja. Fito za ovyo hukwama humo, na mashine iliyonunuliwa kwa fedha za umma ikalala.