Kwao Kupo

Kila stendi ina mtu wake, na Bariadi, mkoani Simiyu, haikosi. Anavaa makoti mawili jua likiwa la utosi, amekumbatia furushi la viroba ambalo haruhusu mtu aliguse, na usiku anajilaza kwenye baraza la duka lililofungwa. Wapiga debe wanamwita chizi. Ukimpa shati analiacha chini. Ndugu zake wakija na bodaboda kumchukua, anatimua mbio. Watu wanasikitika, halafu wanahitimisha: huyu hataki kusaidiwa.

Kumwita asiye na makazi hakutoshi. Wengi wa namna yake wana kwao, na kwao kunajulikana: Itilima, Meatu au Maswa, kwenye kaya yenye zizi la ng'ombe na shamba la pamba, na mama ambaye hajaacha kuuliza habari zake. Usukumani, maadamu ukoo upo, pa kulala hapakosekani. Kwa hiyo swali ni kwa nini mtu aikimbie nyumba iliyopo.

Jibu laweza kuwa skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao mara nyingi huanza ujanani. Mgonjwa husikia sauti zinamsema na kumtisha, na akili yake inahangaika kumtafuta anayezituma. Adui huyo huvaa sura ya kile ambacho jamii yake tayari inakiogopa. Mgonjwa wa London anaweza kusema polisi wa siri wamemtegea vinasa sauti ukutani. Kijana wa Simiyu atasema amerogwa, na katika imani aliyokulia mchawi hatoki mbali: ni mke wa kaka, ni shangazi, ni bibi anayesonga ugali. Familia inampeleka kwa mganga, na ramli ikimtaja mtu wa humo humo nyumbani, hofu yake imepata shahidi. Tangu siku hiyo chakula cha nyumbani ni sumu. Unapomwambia "twende nyumbani, baba", anaelewa kuwa unamrudisha kwa anayemuua. Nani asingekimbia?

Kuna jambo jingine ambalo ndugu huliona kuwa ukaidi. Ugonjwa huu huathiri hata uwezo wa mtu kujitambua kuwa anaumwa, na inakadiriwa kuwa karibu nusu ya wagonjwa wako hivyo. Kwake yeye, dawa ni tiba ya ugonjwa asio nao.

Halafu kuna kumbukumbu. Wengine wamewahi kufungwa kamba au minyororo kwa mganga, wengine kwenye kambi za maombi, na walioyafanya hayo waliyaita msaada. Siwalaumu wazazi: mganga yuko karibu na ana muda wa kusikiliza, wakati hospitali ya Bugando iko Mwanza, na ya Mirembe, inayopokea wagonjwa wa akili tangu miaka ya 1920, iko Dodoma, mamia ya kilomita. Hata hospitalini kuna maumivu. Dawa ya haloperidoli hutuliza sauti, lakini inaweza kukaza shingo, kuufanya ulimi mzito na miguu isitulie. Benzheksoli, kidonge cha bei ndogo, hupunguza shida hiyo, ila mgonjwa asipoelezwa mapema ataamini kuwa sumu aliyoiogopa sasa imo mwilini. Dawa zikiisha zahanati, sauti hurudi, na kijijini watasema hospitali ilishindwa.

Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inaruhusu mtu apelekwe kutibiwa bila hiari yake pale hali inapolazimu, na zipo siku ambazo ni lazima: amelala katikati ya barabara, hajala kwa siku nne, ameshika panga. Siipingi. Ninachopinga ni kumkamata, kumdunga, kumrudisha kwenye kaya ileile anayoiogopa, kisha kushangaa akionekana tena stendi.

Ipo njia nyingine. Mwaka 1954 Thomas Lambo, daktari Mnaijeria, alianza kuwatibu wagonjwa kule Aro, Abeokuta, wakiwa wamepanga katika vijiji vya jirani, kila mmoja na ndugu wa kumpikia na kumsindikiza. Naiona busara kubwa hapo. Katika ukoo mpana mara nyingi yupo mmoja ambaye hofu ya mgonjwa haijamfikia: dada aliyeolewa mbali, au mjomba. Huyo ndiye wa kutafutwa kwanza, kabla ya gari la polisi, na pengine mgonjwa aanzie kwake badala ya kwao.

Nimewahi kumtazama mama lishe mmoja akifanya kazi ya kumtuliza hofu mtu kama huyo bila kuipa jina. Alimimina uji vikombe viwili kutoka chupa moja, akanywa chake kwanza mbele ya yule bwana wa stendi, kisha akaweka cha pili juu ya jiwe, hatua tatu kutoka alipokaa. "Shikamoo baba, uji huo." Akageukia vitumbua vyake. Bwana yule alingoja hadi uji ukapoa, ndipo akauchukua. Muuguzi mwenye sindano ya mwezi ya flufenazini, dawa ya ugonjwa huo, angefanya vyema kuanza kwa kukaa kwenye benchi la mama huyo, naye anywe uji, wiki kadhaa, kabla ya kufungua mkoba.