Kengele Niliyosahau Kuizima

Mjomba wangu ni mvuvi. Nilimtengenezea ukurasa wa kutazama upepo na maji kujaa na kupwa kwenye simu, kwa JavaScript, nikajiona fundi. Wiki haikwisha akanipigia: "Mjomba, hiki kitu chako chala bando!"

Hakukosea. Kila alipofungua sehemu ya upepo, nilikuwa naita setInterval, ambayo ni kama kengele: kila sekunde 30 yalia, na simu yaenda kuuliza habari mpya. Akihamia sehemu ya maji, kengele haikunyamaza, maana ukurasa ni ule ule, kilichobadilika ni maandishi tu. Akirudi kwenye upepo, yawashwa nyengine. Akiifungua mara 10, kengele 10, maswali 20 kwa dakika badala ya 2.

Dawa yake ni ndogo. setInterval ikiitwa hurudisha nambari, na mimi nilikuwa naitupa. Sasa naihifadhi, na mjomba akitoka tu sehemu ile naipa clearInterval nambari hiyo hiyo, kengele yazimika. Ukiipoteza nambari, huna pa kuishika. setTimeout, inayolia mara moja tu, nayo ina clearTimeout yake.

Kuufunga ukurasa wenyewe huzizima zote. Ndiyo maana nilipojaribu nyumbani sikuona kitu: nilifungua mara moja, nikafunga. Mjomba yeye huuacha wazi tangu alfajiri, akawa yuwahama huku na huku mpaka mashua irudi.