Umri wa Kuanza Shule: Utangulizi kwa Msomaji Mpya

Fani unayoiingia inaanza na swali ambalo wazazi wengi wa Moshi hujiuliza ifikapo Desemba: mwanangu aanze darasa la kwanza Januari hii, au angoje mwaka mmoja zaidi? Swali hili lina sheria ndani yake, lina historia, lugha, lishe, hata hali ya njia za mlimani. Ndiyo maana nalipenda, na natamani nawe ulipende.

Tutenganishe kwanza mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Umri wa lazima ni ule ambao mtoto akiufikia, sheria inamdai mzazi amwandikishe shule. Elimu ya awali ni mafunzo ya kabla ya darasa la kwanza, yanayoegemea michezo, nyimbo na mazungumzo. Kwa hiyo ukisikia umri umeshushwa, uliza mara moja: umeshushwa wa kuingia darasa gani?

Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 1978 iliweka umri wa lazima kuwa miaka 7. Wengi hudhani ilichaguliwa kwa sababu hapo ndipo akili ya mtoto hukomaa kwa kusoma. Lakini rudi nyuma hadi Machi 1967, katika waraka uitwao Elimu ya Kujitegemea. Mwalimu Nyerere alitazama mwisho wa safari: mtoto anayeanza na miaka 5 au 6, akasoma miaka 7, anamaliza akiwa mdogo mno kufanya kazi na kushika nafasi yake kijijini. Akataka umri wa kuanza uongezwe. Shika jambo hilo vizuri, kwani ni msingi wa mengi utakayosoma baadaye: mara nyingi umri wa kuingia huamuliwa na umri wa kutoka.

Sasa fanya hesabu hiyo kwa leo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, inapunguza shule ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6, inaunganisha na miaka 4 ya sekondari, na kuifanya elimu ya lazima iwe miaka 10. Mtoto anaingia darasa la kwanza akiwa na miaka 6, baada ya mwaka mmoja wa awali. Zamani 7 na 7 zilitupa 14. Sasa 6 na 10 zinatupa 16. Umri wa kuanza umeshuka, na bado kijana anatoka akiwa mkubwa zaidi. Hofu ya mwaka 1967 imejibiwa kwa njia ambayo wakati ule nchi isingeimudu.

Hesabu, hata hivyo, haimjui mtoto mwenyewe. Hapa tunahitaji neno utayari: uwezo wa mtoto kukaa, kusikiliza, kushika penseli, kueleza haja yake na kuachana na nyumbani kwa saa kadhaa bila hofu. Utayari hauji kwa siku moja kwa wote. Katika darasa moja, aliyezaliwa Januari anamzidi wa Desemba kwa takribani mwaka mzima, na kwa mtoto wa miaka 6 mwaka mmoja ni sehemu kubwa ya maisha yake. Mwalimu asiyelijua hili humwita mdogo mzito wa kuelewa, na jina hilo huweza kumfuata kwa miaka.

Labda utauliza mataifa mengine yameamuaje. Ufaransa ilishusha umri wa lazima hadi miaka 3 mwaka 2019. Finland huanza darasa la kwanza kwa miaka 7, lakini kwa kawaida mtoto amekwisha kupitia mwaka wa awali. Namba peke yake haikuambii mtoto anakutana na nini darasani.

Basi twende mlimani Kilimanjaro, tuone mtoto anafikaje darasani. Otto Raum, mtoto wa mmisionari wa Kilutheri, alichapisha mwaka 1940 kitabu kuhusu utoto wa Wachaga, na humo michezo ya watoto na kuiga kazi za wakubwa vinatazamwa kama elimu kamili. Mtoto wa Kibosho au Marangu anayelelewa na bibi kihambani, yaani katika shamba la migomba la nyumbani, hafiki shuleni mtupu: amehesabu mikungu ya ndizi, anajua njia ya mfereji, na pengine Kichaga chake kinatangulia Kiswahili. Lakini mvua za Aprili zikishika, mteremko huteleza na korongo hujaa. Njia ambayo wa miaka 9 anaipita mbio, wa miaka 6 hushikwa mkono. Tambarare, kuelekea Kahe, shida hugeuka kuwa umbali. Kwa ajili hiyo zipo shule shikizi, yaani vituo vidogo vilivyo chini ya shule mama, vilivyojengwa karibu na makazi.

Mimi naunga mkono miaka 6, kwa sharti moja ambalo silegezi: mwalimu awe amefundishwa kukaa na watoto wadogo. Kunakili ubaoni asubuhi nzima kunamchosha mtoto wa umri huo na hakumfundishi kusoma.

Ukitaka kuanza utafiti wako, omba ruhusa ya mwalimu mkuu uone daftari la mahudhurio la darasa la kwanza. Linganisha Februari na Aprili, kisha andika kando ya kila jina mwezi wa kuzaliwa na umbali wa nyumbani.