Javari na Wenyewe: Desturi za Klabu ya Juventus katika Mtaa wa Mooca

Katika maandishi mengi ya siku hizi kuhusu kandanda la Brazil, Clube Atlético Juventus, klabu ndogo ya mtaa wa Mooca uliopo mashariki ya kitovu cha jiji la São Paulo, hutajwa kama kivutio cha wageni: uwanja mdogo wa kizamani, kitafunwa cha Kitaliano wakati wa mapumziko, na mashabiki wanaoimba utadhani timu yao haijawahi kushuka daraja. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yana upungufu mkubwa, kwa kuwa yanavitazama vitu bila kuwatazama watu waliovizoea, hata desturi yenye sababu zake ikaonekana pambo tu, au dalili ya ufukara wa klabu. Ukweli ni kwamba desturi za Mooca ndizo zilizowapa wafanyakazi wasio na hati ya kiwanja chochote haki ya kukiita kiwanja hicho chao, na mtu asiyelifahamu hilo hawezi kufahamu kwa nini watu wa mtaa huo wanakasirika wanapoambiwa kwamba wanaishi katika makumbusho.

Mooca ni mtaa uliozaliwa na reli, viwanda na wahamiaji. Baada ya utumwa kukomeshwa nchini Brazil mwaka 1888, wenye mashamba ya kahawa walihitaji vibarua, na serikali ya jimbo ikawapokea Wazungu maskini, hasa Wataliani, katika Hospedaria dos Imigrantes, yaani nyumba ya kuwapokea wahamiaji, iliyofunguliwa mwaka 1887 na ambayo kabla ya kufungwa mwaka 1978 ilikuwa imewapitisha watu wapatao milioni 2.5. Wengi walipelekwa mashambani, lakini wengine walibaki mjini wakaajiriwa viwandani, na kimojawapo kilikuwa kiwanda cha nguo cha Rodolfo Crespi, Mtaliano aliyetajirika Brazil na kupewa cheo cha ukaunti. Katika kiwanda hicho ndimo ulimoanzia mgomo wa mwaka 1917, wafanyakazi walipodai nyongeza ya mshahara, na ukaenea hadi kuusimamisha mji mzima. Miaka 7 baadaye, tarehe 20 Aprili 1924, wafanyakazi wa kiwanda hicho hicho waliunda timu iliyochukua jina la mwajiri wao, nayo familia ya Crespi ikaipa kiwanja katika Rua Javari, yaani Mtaa wa Javari.

Mwaka 1930 klabu iliacha jina la kiwanda ikaitwa Juventus, kwa kuifuata timu ya Torino yenye jina hilo, lakini jezi yake haikuwa nyeusi na nyeupe, bali ya rangi ya damu ya mzee, ambayo ni rangi ya mahasimu wa Juventus katika mji huo huo wa Torino. Mwaka huo huo timu iliifunga Corinthians ugenini, na mwandishi wa habari Thomaz Mazzoni akaipa lakabu ya Moleque Travesso, yaani mtoto mtundu, ambayo haijabanduka hadi leo. Lipo pia jina la uwanja, ambalo linaeleza mengi kuliko hayo yote. Jina rasmi ni la Kaunti Rodolfo Crespi, na ndilo linaloandikwa katika nyaraka, lakini vinywani mwa wakazi uwanja huo ni Javari tu, kizazi baada ya kizazi. Wafanyakazi hawakuwa na uwezo wa kumnyang'anya kaunti ardhi yake, lakini waliweza kuacha kulitaja jina lake, na kwa kuliacha waliufanya uwanja kuwa mtaa wao.

Desturi inayotajwa zaidi na wageni, na inayoeleweka kidogo kuliko zote, ni ile ya kanoli. Kanoli ni kitafunwa chenye asili ya Sicilia, unga uliokandwa, ukavingirishwa kama kibomba na kukaangwa, kisha ukajazwa krimu, na Javari huuzwa hasa wakati wa mapumziko. Mwenyeji hangoji kipenga, kwa kuwa dakika chache kabla ya nusu ya kwanza kumalizika foleni huwa imekwisha kujipanga chini ya majukwaa, na aliyechelewa hukuta trei tupu. Katika foleni hiyo krimu humchuruzika mtoto vidoleni, babu humfuta kwa karatasi, na jirani wa nyuma humwuliza babu huyo hali ya mgonjwa aliyeachwa nyumbani. Wanaoandika kwamba watu huenda Javari kula kanoli badala ya kutazama mpira wamekosea, kwa sababu foleni hiyo ni baraza: ndimo watu wanamopeana habari za misiba na harusi, na ndimo anayekosekana anamoulizwa. Kitafunwa chenyewe kinaweza kununuliwa mahali pengi mjini São Paulo, lakini kuulizwa hali hakununuliki.

Saa za mchezo nazo zina maana yake. Kwa miongo mingi uwanja haukuwa na taa, kwa hiyo Juventus ilicheza asubuhi au alasiri, jambo ambalo wageni walilihesabu kuwa ni unyonge. Kwa wenyeji, mchezo wa Jumapili asubuhi ulifungamana na mlo wa mchana, ambapo familia za Kitaliano za São Paulo hukaa pamoja mbele ya sahani za tambi, na mtu aliyetoka uwanjani aliwakuta jamaa zake wakimngoja mezani wapate simulizi ya mchezo. Uwanja wenyewe ni mdogo kiasi kwamba anayesimama kwenye wavu wa chuma nyuma ya lango husikika waziwazi na kipa, na ndiyo maana maneno ya Javari ni sanaa, yakisemwa kwa ile lafudhi ya Mooca yenye mwimbo wa Kitaliano.

Kinachostahili kusimuliwa kwa kirefu ni bao ambalo hakuna kamera ya filamu iliyolinasa. Tarehe 2 Agosti 1959, Santos iliifunga Juventus mabao 4 kwa 0 katika uwanja wa Javari, na bao la mwisho lilikuwa la Pelé, ambaye mwenyewe alilitaja kuwa zuri kuliko yote aliyopata kufunga. Aliwapitishia mpira juu ya vichwa mabeki mmoja baada ya mwingine bila kuuacha uguse ardhi, akafanya hivyo hivyo kwa kipa aliyejulikana kwa lakabu ya Mão de Onça, kisha akaumalizia kwa kichwa. Wabrazili hukiita kitendo hicho kumvisha mtu kofia, na wapenzi wa kandanda wanaozungumza Kiswahili hukiita kupiga kanzu. Kwa kuwa filamu ya mchezo huo haikuwapo, watengenezaji wa filamu ya Pelé Eterno ya mwaka 2004 walilazimika kulichora upya bao hilo kwa kompyuta, wakitegemea kumbukumbu za walioliona. Watu wa Mooca hulisimulia bila chuki ingawa waliofungwa ni wao, na sanamu ya Pelé imewekwa hapo hapo uwanjani. Klabu inayoweza kuuheshimu uzuri uliotoka kwa mpinzani wake imekwisha kuwafundisha watoto wake jambo kubwa, na mtoto anayesikia habari hiyo kwa babu yake, mahali pale pale ilipotokea, hupokea urithi ambao televisheni haiwezi kumpa.

Yapo mataji pia, likiwamo la daraja la pili la taifa mwaka 1983 na Kombe la jimbo, Copa Paulista, mwaka 2007, na kulikuwa na kushuka daraja la jimbo mwaka 2008, lakini hakuna mtu aliyeipenda Juventus kwa sababu ya kabati la vikombe.

Vijana wa kundi la Setor 2, wanaosimama nyuma ya lango na ngoma na bendera zao, hulaumiwa mara kwa mara kwamba wanaiga mashabiki wa Argentina, na kaulimbiu yao ya chuki ya milele kwa soka la kisasa huchukuliwa kuwa ni ukaidi wa watu wanaoogopa maendeleo. Lawama hiyo haina uzito. Kuazima namna ya kuimba si kosa katika mtaa ambao jina la klabu yake, rangi yake na kitafunwa chake vyote viliazimwa, na wanachokipinga vijana hao si taa wala viti vipya, bali ni mpira unaomgeuza jirani kuwa mteja.

Hofu yao ina msingi. Sheria namba 14.193 ya mwaka 2021 imeziruhusu klabu za Brazil kugeuzwa kampuni zinazoweza kuuzwa, na wapo wanaodhani kwamba hapo ndipo penye hatari kubwa ya klabu ndogo. Hata hivyo, Javari ilikuwa na mwenye mali tajiri tangu siku yake ya kwanza, na desturi zikastawi mbele ya macho yake. Kinachozimaliza ni kingine: viwanda vya Mooca vimefungwa, jengo la kiwanda cha Crespi limegeuzwa duka kubwa, na palipokuwa na nyumba ndogo zilizoshikana kuta pameota maghorofa yanayouzwa kwa bei asiyoimudu mjukuu wa mfumaji. Matangazo ya maghorofa hayo huisifu sana mila ya mtaa, ilhali watoto wa wenye mila hiyo wanahamia pembezoni mwa jiji, safari ndefu kutoka uwanjani. Wageni wataendelea kuja, na foleni ya kanoli huenda ikawa ndefu kuliko zamani, lakini foleni ambayo ndani yake hakuna anayejua nani amekosekana haitakuwa tena desturi ya Mooca, hata kama krimu ni ile ile.