Margit, mlinzi wa daraja: usimwendee mikono mitupu

Iko gemu moja ambayo sisi tuliorudi nyumbani tunaielewa upesi kuliko wengine. Inaitwa Elden Ring, ilitoka Februari 2022, na shujaa wake ni mkimbizi anayerejea. Watu wake walifukuzwa katika nchi iitwayo Lands Between, mng'ao wa dhahabu ukaondolewa machoni mwao, wakafia ugenini. Sasa mng'ao huo unawaita warudi. Waliobaki wanawaita Tarnished, yaani waliofifia, na wanavyolitamka jina hilo utajua si la heshima.

Mrejeaji huyo hajatembea mbali anakutana na Margit. Ni jitu lenye pembe, mkia na fimbo ndefu, linalolinda daraja la kuingilia ngome ya Stormveil. Linamwambia mgeni azike tamaa zake, kisha linamtwanga. Mchezaji mpya hufa hapo kwa muda usiozidi dakika moja, anarudi, anakufa tena.

Mimi ni mwalimu, na si kazi yangu kuwafundisha vijana gemu. Lakini maneno yote yanayosemwa ndani yake ni ya Kiingereza, maandishi unaweza kuyaweka kwa Kifaransa, Kiswahili hakimo kabisa. Basi mpwa wangu na wenzake huja kwangu na daftari: "Mjomba, hapa anasema nini?" Kiingereza changu cha ukimbizini kimepata kazi ambayo sikuitarajia. Vijana hawa huchezea katika kibanda cha kulipia kwa saa, na kila kifo mbele ya Margit ni pesa iliyokwenda. Nimewaona wakitoka pale na nauli imekwisha, kilometa nne za miguu mbele yao, bado wanabishana nani alikosea. Ndiyo maana naandika.

Jambo la kwanza, geuka urudi. Ndani ya mchezo upo mwale wa dhahabu unaoonyesha njia, na mwale huo unakuelekeza moja kwa moja kwa Margit. Watengenezaji wake, kampuni ya Japani ya FromSoftware chini ya Hidetaka Miyazaki, walimweka pale makusudi ili ajue kila mtu kwamba mwale unaonyesha mwelekeo tu, haukuahidi kwamba uko tayari. Eneo lote la Limgrave liko wazi nyuma yako, na kusini yake, ukivuka Daraja la Sadaka, iko rasi ya Weeping Peninsula. Zunguka huko kwanza. Wengi waliomshinda bila taabu kubwa walikuwa kati ya ngazi ya 20 na 30. Anayekwenda akiwa ngazi ya 9 anajitafutia aibu.

Rune ndiyo fedha ya nchi ile. Ndizo unazonunulia vitu na ndizo unazopandia ngazi. Ukifa zinabaki chini pale ulipoangukia. Ukifa tena kabla ya kuziokota, zimepotea moja kwa moja. Mfanyabiashara wa mpakani hahitaji kuelezwa zaidi: usisafiri na mtaji wote mfukoni. Zitumie kabla hujaingia kwenye hatari, na mwanzoni ziweke nyingi kwenye Vigor, yaani uhai. Vijana hupenda kuongeza nguvu za mkono wakasahau mwili. Upanga mkali haumsaidii maiti.

Silaha nayo inolewe. Ndani ya mgodi wa Limgrave yamo mawe ya kufulia chuma, na meza ya kunolea iko katika Kanisa la Elleh, mwanzoni kabisa mwa safari. Kufikisha silaha ya kawaida daraja la tatu kunataka mawe 12: mawili, kisha manne, kisha sita. Makanisa yaliyobomoka usiyapite bila kuchungulia, maana mengi yana chozi takatifu linaloongeza nguvu ya chupa yako ya dawa. Matatu yako kule Weeping Peninsula.

Kisha nenda pango la Murkwater. Humo yumo laghai aitwaye Patches, atakuvamia. Mpige mpaka asalimu amri, halafu umwache hai, kwa sababu baadaye atafungua duka, na dukani mwake kuna pingu ya Margit kwa rune 5,000. Ukiitumia vitani, Margit anabanwa chini kwa sekunde chache, nawe unapiga utakavyo. Inafanya kazi mara mbili tu, tena mwanzoni mwa pambano, kabla hajatoa nyundo yake ya nuru.

Msaada pia upo, wala si aibu kuuomba. Katika Kanisa la Elleh, ukishapata farasi wako Torrent, mchawi aitwaye Renna atakupa kengele ya kuitia mbwa mwitu watatu. Na kabla ya ukungu wa Margit kuna alama chini ya kumwita Rogier, mganga mwenye upanga. Ukimwita, uhai wa Margit nao unaongezeka, lakini Margit akimgeukia yeye, wewe unapata mgongo.

Pambano lenyewe linawashinda vijana kwa sababu ya haraka. Margit huinua fimbo, akaisimamisha hewani, akasubiri. Anasubiri wewe ubingirike kwa hofu, ndipo anashusha. Kwa hiyo tazama mkono ukianza kushuka, usitazame ukipanda. Bingirika kuelekea kwake, upande wa ubavu, kwani ukirudi nyuma fimbo ina urefu wa kukufikia. Piga mara moja au mbili, toka. Dawa usinywe mbele ya macho yake, mara nyingi hukujibu kwa visu vya nuru. Subiri awe ameshughulika na mbwa.

Ipo na njia ya panya, najua wengi mlikuwa mnaisubiri. Pembeni ya ngome, kwenye genge, kuna ujia unaopita nyuma mpaka Liurnia, bila kumgusa Margit wala kuingia Stormveil. Mchezo hauukatazi. Lakini bwana wa ngome, Godrick, ana Rune Kubwa, na ili kuingia mji mkuu wa Leyndell unatakiwa uwe na mbili. Ukimruka huyu, itabidi uzitafute kwa wababe wengine, na sioni kama wale ni wepesi kuliko yeye.

Margit akianguka utapata rune 12,000 na mfuko wa kubebea hirizi ya ziada. Zitumie hapo hapo, kwenye kituo cha nuru, kabla ya kusogea. Langoni utamkuta mzee mmoja aitwaye Gostoc, mpole wa maneno, atakayekushauri usipite lango kuu kwa sababu ya walinzi, upite tundu la pembeni. Ushauri wake ni mzuri, ufuate. Ila kila utakapokufa ndani ya ngome ile, yeye huchota kimyakimya sehemu ya rune ulizoangusha, na ataendelea hivyo mpaka Godrick afe.