Majina Yaliyokufa Katika Daftari la Mtandao

Tunduma, mji wa mpakani mwa Tanzania na Zambia, hupitisha malori ya mizigo yaendayo Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Hati za mizigo hiyo siku hizi hupita katika kompyuta. Kwa hiyo ofisi za mawakala wa forodha hutegemea mtandao, nao mtandao hutegemea daftari la majina.

Kompyuta hutambuana kwa anwani za tarakimu, bali binadamu hukumbuka majina. Mwaka 1983 Mmarekani Paul Mockapetris alibuni mfumo ujulikanao kwa herufi DNS, ambamo kila mwenye mtandao hutunza daftari la majina yake. Jina likitajwa, seva hulitafuta daftarini na kujibu kwa anwani.

Taabu huanza kompyuta inapoondoka na jina lake likabaki. Mkoa wa Songwe wenyewe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ofisi zigawanywapo namna hiyo, mashine huhamishwa, na ni rahisi daftari kusahauliwa. Katika ofisi nyingi anwani huazimwa kwa muda tu. Anwani ya kompyuta iliyokufa ikipewa nyingine, fundi aitafutaye kompyuta ya mhasibu hujikuta ndani ya kompyuta ya mapokezi.

Hatari huzidi kwa majina yaonekanayo duniani kote. Ofisi ikiacha kukodi seva ya nje bila kufuta jina lililoielekea, mgeni aweza kuipata nafasi ileile na kusema kwa jina la ofisi. Mteja aletaye namba yake ya siri hatashuku neno, kwani jina ni la halali.

Hata hivyo, kufuta ovyo ni hasara vilevile. Seva za Windows zaweza kujisafisha zikiamriwa: kila ingizo linalojiandikisha lenyewe hupigwa muhuri wa tarehe, na kompyuta iliyo hai huuhuisha. Kwa mpango wa kawaida muhuri hautiwi upya kwa siku 7 za kwanza. Hufuata siku 7 nyingine za kuuhuisha. Ingizo lililonyamaza muda wote huo laweza kuondolewa. Lakini yaliyoandikwa kwa mkono hayana muhuri, nayo hurukwa. Fundi akilazimisha yote yapigwe muhuri, jina la seva iliyo hai isiyojihuisha hufutwa pamoja na yaliyokufa, na kazi ya ofisi husimama.

Hapana budi, basi, kwanza kunakili daftari zima. Pili, kuuliza kila jina la mkono ni la nani. Tatu, kufuta machache machache huku matokeo yakiangaliwa. Na siku mashine inapofutwa katika orodha ya mali za ofisi, jina lake lifutwe siku hiyohiyo.